Dubu Husemeshwa kwa Upole

Siku Cyrus alipoacha vichwa vya samoni kwenye ngazi za baraza, ndipo Lavina alipojua kwamba mumewe ameanza kuondoka.

Si kwamba dalili hakuwa ameziona. Alikuwa amemwona akitia chumvi kwenye kahawa na kuinywa yote bila kukunja uso. Alikuwa amemsikia akiuliza mama yake yuko wapi, mama aliyezikwa miaka na miaka iliyopita kwenye kilima nyuma ya kanisa. Lakini hayo ni ya uzee, Lavina alijiambia, na uzee hauna adabu kwa mtu. Vichwa vya samaki vilikuwa jambo jingine. Kwenye kisiwa kile, ambacho Watlingit, wenyeji wa pwani ile ya kaskazini, wanakiita Ngome ya Dubu, mtoto hufundishwa kumwaga matumbo ya samaki baharini, maji yakiwa yanapwa, kabla hajafundishwa kufunga kamba za viatu. Na aliyefundisha nusu ya watoto wa kijiji alikuwa Cyrus huyo huyo. Aliwapanga ufukweni, mabuti yao yakiwa yamejaa maji, akawaambia, "Harufu ya samaki ndiyo 'karibu' ya dubu. Usiseme karibu halafu ulalamike mgeni akiingia."

Leo ni yeye aliyevipanga vichwa kwenye ngazi, kimoja juu ya kila kipandio, macho yakitazama njia.

"Cyrus, nini hiki?"

"Kipi?"

"Hivi vichwa. Nani kaviweka hapa?"

Cyrus akavitazama. Akaona haya, bila kujua haya yenyewe ni ya nini. "Labda Floyd," akasema. "Si unamjua Floyd na utani wake."

Lavina alichukua ndoo, akavizoa, akavipeleka majini, akarudi akasugua ngazi kwa dawa ya madoa mpaka vidole vikawasha. Lakini mbao za msonobari zilizozeeka hunywa harufu kama mtu mwenye kiu, na alipokuwa akisugua alijua kwamba anajisumbua bure.

Lavina alikuwa amepika katika shule ya kijiji tangu ujana wake hadi magoti yalipomkataza. Nyumbani hakuwa mwanamke wa maneno. Wageni walidhani ananuna. Ila ukiingia naye porini, mdomo wake haukupumzika. Aliongea na miti, aliongea na mvua, aliwaeleza dubu asiowaona kile alichopika jana na kile atakachopika kesho. Bibi yake ndiye aliyemfundisha. Dubu hachukii watu, bibi alisema, anachukia kushtushwa. Mwache akusikie kabla hajakuona. Na ukikutana naye uso kwa uso, usipige kelele, wala usimkazie macho, wala usikimbie, kwa maana kinachokimbia mbele ya dubu ni chakula. Mwambie wewe ni nani na umefuata nini. Mwambie kwa upole. Halafu rudi kinyumenyume, upande upande, bila kumpa mgongo.

Kulikuwa na jambo jingine. Cyrus alikuwa wa ukoo wa dubu kwa upande wa mama yake, nao Lavina na watu wake walikuwa upande wa kunguru, upande unaooana na ule. Kwa hiyo dubu dume alikuwa shemeji yake, na dubu jike alikuwa wifi yake. Hilo halikuwa mzaha, ingawa lilichekesha.

Lilimchekesha zaidi Myrna, dada yake Cyrus. Walipokuwa wasichana, Lavina akiwa ameolewa juzijuzi tu, walikwenda wawili kuchuma beri nyuma ya ghuba, na dubu akasimama kwa miguu miwili upande wa pili wa kichaka kile kile, mdomo wake umejaa beri. Myrna aligeuka akimbie. Lavina akamshika sketi.

"Niache!"

"Tulia. Ukikimbia anatufuata sote, na mimi sina mbio." Kisha akamgeukia dubu kwa sauti ile ile ambayo mtu huombea chumvi kwa jirani. "Shemeji, samahani, hatukujua kama umetutangulia. Upande huu tumechuma kidogo tu. Tunakuachia. Sisi tunakwenda zetu."

Dubu akanusa, akateremsha miguu, akaendelea kula. Wakarudi kinyumenyume hadi ufukweni, na huko Myrna akaketi kwenye gogo akajitazama chini.

"Lavina. Nimejikojolea kwenye mabuti."

"Najua, wifi. Nimesikia yakijaa."

Walicheka mpaka wakaumwa mbavu, na kicheko hicho waliishi nacho miaka mingi. Kila palipo na harusi au mazishi, Myrna alikuwa wa kwanza kukisimulia, akijitaja mwenyewe bila aibu.

Basi, baada ya vile vichwa, mgeni alikuja. Alikuwa dume kijana, aliyefukuzwa na mama yake msimu ule, mwembamba, masikio makubwa. Alikuja jioni, jua la kiangazi likiwa bado juu, akaanza kulamba ngazi, moja baada ya nyingine. Lavina akafungua dirisha akagonga sufuria kwa mwiko. "Shemeji, hapa hapana kitu. Nenda mtoni, samaki wamejaa. Hapa utapata balaa." Kijana akamtazama, akakubali, akaondoka. Siku ya pili akarudi. Siku iliyofuata aling'oa mlango wa kibanda cha kukaushia samaki kwa moshi na kula samoni wote waliokuwa wananing'inia, na Lavina alipogonga sufuria hakuinua hata kichwa.

Floyd akaja na bunduki. Floyd alikuwa jirani, mtu mnene mwenye moyo mwepesi, na kijiji kilikuwa kimemkabidhi kazi ambayo hakuna aliyeitaka.

"Mama Lavina, nimengoja nikitumaini ataondoka."

"Mngoje kidogo tena. Ni kijana. Hajui."

"Ameshaonja. Dubu aliyeonja chakula cha mtu hasahau, wewe unajua kunizidi. Kesho atafuata mtoto anayekula mkate njiani."

Lavina alijua kumzidi. Akaingia ndani akawasha redio kwa sauti kubwa ili Cyrus asisikie. Mlio ulisikika hata hivyo.

Walimchunia ufukweni. Myrna alikuja na manyoya laini ya tai, akayatia kwenye kile kichwa, akakisemesha kwa Kitlingit, akiomba radhi kwa niaba ya watu wote wa nyumba ile. Na kila aliyewahi kumwona dubu aliyechunwa anajua kwa nini wazee hawapendi kumtazama: akivuliwa ngozi anafanana na mtu. Mikono ni ya mtu. Mapaja ni ya mtu. Wakati wanahangaika na visu, hakuna aliyemwona Cyrus akiteremka kutoka nyumbani na soksi tupu.

Alisimama juu ya mwili ule. Akapiga magoti kwenye kokoto.

"Nani kamuua Ellis?"

Ellis alikuwa kaka yake aliyezama na mtumbwi wakiwa vijana, na bahari haikumrudisha.

"Ni dubu, mzee," Floyd alisema. Damu ilikuwa imemfika viwikoni. "Ni yule aliyevunja kibanda."

"Usiniambie ni dubu. Mimi nisimjue ndugu yangu?" Akaushika ule mkono mwekundu, akaubembeleza. "Wamekukuta wapi, Ellis? Tumekutafuta."

Floyd akaweka kisu chini, akaenda nyuma ya mashua, akalia kama mtoto. Lavina akamfunika mumewe koti mabegani akaketi kando yake, naye Myrna akaketi upande wa pili. Hakuna aliyemsahihisha. Cyrus alimlilia kaka yake mpaka maji yalipojaa na kuwagusa miguu, na wiki nzima alikataa chakula. Kilichomuumiza Lavina hakikuwa kilio. Kilichomuumiza ni kwamba kosa lililomuua yule kijana lilikuwa la Cyrus mwenyewe, na hakukuwa na njia yoyote duniani ya kumwambia, wala faida.

Binti yao Roberta aliishi mjini, ng'ambo ya maji, mwendo wa ndege ndogo ile inayotua baharini. Alipiga simu.

"Mama, mlete huku. Kuna nyumba ya kulelea wazee, ina wauguzi, ina milango inayofungwa."

"Baba yako si mfungwa."

"Sijasema mfungwa. Nasema huko kuna dubu, Mama. Wewe mwenyewe ulitufundisha: mtu ashikilie akili zake, basi dubu si tatizo. Sasa Baba akili hana. Utafanyaje?"

"Nitamshikia mimi."

Na kweli alimshikia. Aliweka komeo juu kabisa ya mlango, mahali ambapo Cyrus hakukumbuka kutazama. Bunduki ya Cyrus aliipeleka kwa Floyd. Alimshonea kengele ndogo kwenye koti, mbili mgongoni na moja kila mfuko, ili akitoka asikike, na dubu naye asishtuke. Myrna alipoziona alishika kiuno.

"Ala! Umemvalisha kaka yangu kengele kama paka wa kizungu."

"Afadhali paka mwenye kengele kuliko paka aliyepotea."

"Na akienda chooni je, tupige makofi?"

Cyrus mwenyewe akacheka, akacheza kidogo mabega ili zilie, na Myrna akajiunga naye, ndugu wawili wazee wakicheza jikoni bila ngoma. Kuna siku za namna hiyo zilikuwepo. Kumsimulia Lavina bila kuzitaja ni kumdhulumu.

Agosti ikaingia, na samoni wakaanza kupanda kijito. Ni wakati ambao mikono ya mtu haitoshi. Samaki akishavuliwa hakungojei. Lavina alikuwa kwenye kibanda kipya alichojengewa na Floyd, anatundika minofu juu ya moshi wa kuni mbichi, macho yakimtoka machozi, na Cyrus alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni pa kibanda akisokota kamba. Koti alikuwa amelivua kwa sababu ya joto. Lilikuwa limetundikwa nyuma ya kiti, na kengele zake zote zimenyamaza.

Lavina alipogeuka, kiti kilikuwa kitupu.

Hakuita. Kwenye msimu ule hupigi ukelele hovyo karibu na kijito. Alichukua kopo la pilipili ya kuwapulizia dubu lililoning'inia msumarini, akaweka kidole gumba kwenye kizuio chake, akafuata nyasi zilizolala. Alienda haraka bila kukimbia, akiongea njia nzima. "Ni mimi, ni Lavina, namfuata mume wangu, nipisheni, sina shida na mtu." Njiani akakiona kiatu kimoja.

Alimkuta kijito kinapopinda, mahali penye kina kifupi. Cyrus alikuwa amesimama ndani ya maji yanayofika kwenye magoti, samaki mkononi amemshika mkia, bado anapigapiga. Na mbele yake, karibu kiasi kwamba mtu angeweza kumrushia kofia ikafika, alikuwepo dubu jike mkubwa, rangi ya kahawia iliyoiva, mgongo una nundu. Nyuma yake, kwenye kokoto, watoto wawili walikuwa wamesimama wima wakitazama.

Masikio ya jike yalikuwa yamelala nyuma. Alikuwa anagonganisha meno, tak, tak, tak, na udenda ulikuwa unamtoka kwa nyuzi ndefu. Lavina alijua maana ya hayo yote. Dubu yule hakuwa na hasira bado. Alikuwa anaogopa, na dubu mwenye watoto anapoogopa ni wa kuogopwa zaidi kuliko mwenye hasira.

"Ellis," Cyrus alikuwa anasema, sauti ya furaha. "Ellis, chukua. Huyu ni mnono." Akapiga hatua moja mbele, mkono umenyooka.

Lavina alitazama upepo. Ulikuwa unakuja usoni kwake. Akipuliza pilipili kutoka pale, itawarudia wao wawili iwapofushe, na dubu abaki anaona. Kwa hiyo kopo lilikuwa kopo tu. Akaingia majini kwa ubavu, polepole, ili jike amwone anatoka wapi, na akaanza kusema. Sauti ilitoka chini kabisa ya kifua, sauti ya kuombea chumvi kwa jirani, ingawa moyo ulikuwa unampiga hadi kwenye fizi.

"Wifi. Wifi yangu, ni mimi. Sijaja kwa watoto wako. Wazuri watoto wako, wamenenepa. Nimekuja kumchukua huyu wangu. Ni mgonjwa, wifi. Hajui alipo. Nipe nafasi nimchukue." Na ndani ya pumzi hiyo hiyo, bila kubadilisha sauti wala kugeuza macho: "Cyrus, simama hapo. Usiende. Mwachie samaki aende na maji. Ndiyo hivyo. Nipe mkono."

Akamfikia. Akamshika mkanda kwa nyuma, kwa nguvu zote za mtu aliyebeba masufuria ya shule maisha yake yote. Sasa walikuwa wamesimama bega kwa bega, umbo moja kubwa.

Ndipo jike alipokuja.

Hakuna anayeona vizuri dubu anapokuja. Maji yalipasuka, na kila kitu kikawa manyoya. Lavina alisikia mwili wa Cyrus ukijikunja ili ukimbie, miguu ya kale inayokumbuka hofu hata kichwa kinaposahau, akaukaza mkanda mpaka ukamkata vidole. "Simama, baba. Simama nami. Simama." Hakujua kama anamwambia mume au anajiambia mwenyewe. Alikuwa ameshapanga: akiguswa, watalala kifudifudi, yeye juu, mikono yake nyuma ya shingo ya Cyrus, si ya kwake.

Jike alisimama ghafla. Maji aliyoyasukuma yaliwapiga mapajani. Alikuwa karibu kiasi kwamba Lavina alihisi pumzi yake, pumzi ya samaki na majani yaliyooza. Wakasimama hivyo. Mtoto mmoja kule nyuma akalia, sauti nyembamba.

"Nenda kwao, wifi," Lavina akasema. "Wanakuita."

Jike akapuliza pua kwa kishindo, akageuza ubavu, akawaonyesha ukubwa wake wote, halafu akaondoka taratibu kama mtu anayetoka kwenye kikao kilichomchosha. Aliwapitia watoto, nao wakamfuata msituni. Matawi yakatulia.

Lavina alimrudisha Cyrus kinyumenyume hadi ukingoni, wala hakuuachia ule mkanda mpaka walipofika chini ya miti. Hapo akaketi kwenye majani na matope. Cyrus aliketi pembeni yake. Alikuwa anatetemeka kwa baridi, lakini uso ulikuwa umetulia. Alimtazama kwa muda mrefu, kwa adabu, jinsi mwanaume anavyomtazama mwanamke asiyemfahamu aliyemtendea wema.

"Asante sana, mama. Umeongea naye vizuri."

"Karibu."

"Wewe una mume?"

Lavina alitazama majini. "Ninaye."

"Mwambie ana bahati," Cyrus alisema.

Jioni hiyo ndipo Lavina alipompigia Roberta simu. Hakulia. Alisema tu, "Tafuta hicho chumba."

Myrna aliposikia alikuja bila kubisha hodi, akasimama katikati ya jikoni na koti lake la mvua likichuruzika.

"Unampeleka kaka yangu kwenye kabati."

"Nampeleka mahali asipoliwa."

"Nani kakwambia angeliwa? Wale ni watu wake! Dubu wamemjua kabla yako wewe. Na hata kama wangemchukua, Lavina, hata kama. Si afadhali akafie mtoni, anajua yuko kwao, kuliko kufia ndani ya ukuta mweupe wa watu wasiomjua jina?"

"Hukuwepo kijitoni, wifi."

"Ningekuwepo kama ungeniita!"

"Ungekimbia," Lavina alisema.

Mara tu lilipomtoka, alitamani kulirudisha. Kwa miaka yote ile jambo la sketi na mabuti lilikuwa kicheko chao. Sasa lilikuwa limegeuzwa kisu. Myrna akaenda zake, na hakukanyaga tena kizingiti kile.

Ndege ilimchukua Cyrus siku angavu, isiyo na wingu, siku ambayo hata anayeondoka kwa hiari yake angesita. Alikaa dirishani akawapungia mkono watu wote gatini, akidhani wao ndio wanaosafiri.

Nyumba ile ya wazee haikuwa mbaya, na hilo lazima lisemwe. Wauguzi walikuwa wapole. Palikuwa na maua, palikuwa na televisheni, palikuwa na mlango unaofunguka kwa namba. Lavina alikaa kwa Roberta akamtembelea kila siku, akampelekea samaki wa moshi na kichupa cha mafuta ya sili alichokificha chini ya skafu, kwa sababu mzee wa kizungu aliyekaa naye mezani alilalamikia harufu. Cyrus alikula hivyo alivyoletewa tu. Chakula chao alikisogeza na uma huku na huku. Saa za jioni alisimama dirishani, paji la uso limegusa kioo, akatazama gari zikiegeshwa.

"Unatafuta nini, baba?" Lavina alimuuliza.

"Wanapita wapi hapa?"

"Nani?"

"Wenyewe," Cyrus alisema, na hakueleza zaidi.

Hakukuwa na dubu. Hakukuwa na mto, wala ngazi zenye harufu, wala bunduki ya kuficha. Katikati ya majira ya baridi Lavina alirudi kijijini siku chache kuangalia nyumba, maana mabomba yalikuwa yameganda. Siku ya kurudi mjini ukungu ulishuka juu ya ghuba ukakaa. Ndege hazikuruka. Kesho yake hazikuruka. Kule mjini Cyrus aliteleza bafuni, kwenye sakafu safi, nyonga ikavunjika, kisha mapafu yakajaa maji. Roberta alimwekea baba yake simu sikioni.

"Mama, sema naye. Anakusikia."

Lavina alisimama jikoni kwake, ukungu umebandikwa madirishani. Alikuwa amesema na dubu wangapi maishani mwake, na wote akawapatia maneno. Sasa alifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Alisikia pumzi za Cyrus, ndefu, zenye maji. Hatimaye akasema lile lililokuwa karibu: "Ni mimi. Nipo. Usiogope." Akalirudia, akalirudia, mpaka Roberta akaichukua simu na kusema, "Basi, Mama. Basi."

Walimrudisha ukungu ulipoondoka. Upande wa kunguru, watu wa Lavina, ndio waliochimba kaburi, kwa sababu wafiwa hawachimbi. Floyd alikuwa wa kwanza kushika koleo, na ardhi iliyoganda ilimtoa damu mikononi. Myrna alisimama ng'ambo ya shimo na ukoo wake. Yeye na Lavina walitazamana mara moja.

Mwaka mzima ulipita hawasemeshani. Kisha ukoo wa dubu ukaitisha karamu ya kumaliza msiba, kama ilivyo desturi, ili kuwashukuru wale wa upande wa pili waliozika, na kufuta machozi. Ukumbi ulijaa mvuke wa supu na makoti yenye unyevu. Nyimbo nne za huzuni ziliimbwa, fimbo ikigongwa sakafuni. Chakula alichopenda marehemu kiliwekwa kwenye sahani, kikapelekwa motoni, maana kinachoungua ndicho kinachomfikia. Jina lake la Kitlingit alipewa mjukuu wa Myrna, mwanamke aliyekuwa mwalimu, na watu wote wakalitamka pamoja mara nne, na Lavina akalisikia likiondoka kwa mumewe na kwenda kukaa kwa mtu mwingine.

Wakati wa kugawa zawadi Myrna alikuja mbele yake na blanketi. Alikuwa amezeeka mwaka ule. Alimfunika mabegani mbele ya watu, akafunga ncha kifuani, na vidole vikachelewa pale.

"Nilikuwa na hasira, nikaipenda," alisema kwa sauti ya chini. "Ilikuwa inaniweka joto."

"Lile nililosema, wifi..."

"Lilikuwa kweli. Ningekimbia." Myrna alivuta pua. "Lakini ningerudi."

"Najua ungerudi."

"Hivi ulifanya sawa kumpeleka? Niambie tu. Sitakasirika."

Lavina alikuwa ameliuliza swali hilo tangu siku ile, asubuhi na jioni, na halikuwahi kumjibu. Huku kuna mto na meno, kule kuna sakafu inayong'aa. Alimwokoa kwa dubu, akampoteza kwa bafu.

"Sijui, Myrna. Naapa sijui."

Myrna akaitikia kwa kichwa, polepole, akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi karibu naye, na hakuondoka tena mpaka karamu ilipoisha.

Baada ya hapo, kwa desturi, mtu halii. Machozi yamefutwa na ukoo mzima, mbele ya mashahidi, kwa chakula na kwa wimbo. Roberta aliagana na mama yake gatini, akamwomba tena ahamie mjini, akakataliwa tena. Ndege ikaruka, sauti yake ikapungua juu ya maji hadi ikawa si sauti. Lavina alipanda njia kuelekea nyumbani na sufuria la supu iliyobaki, blanketi jipya likiwa bado begani. Mvua nyepesi ilikuwa inaanza. Alifika, akavua mabuti, akawasha jiko, akapasha supu, akachukua mabakuli mawili kabatini. Alitambua kosa lake yakiwa tayari mezani. Akasimama akiyatazama, akaketi, akalia, akijua kwamba wakati wa kulia umekwisha.